Changarawe za Bwawa la Baba

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Huku sote wazima, ila goti la kushoto linanisumbua. Nimejenga bwawa nyuma ya nyumba, lipu yake laini kuliko ya sebuleni. Sasa nataka kutandaza changarawe chini, lipendeze, ndipo nitie samaki. Mama yako kanikalia kooni nikuulize kwanza, eti wewe ndiye unayefuga samaki huko kazini. Haya, nimeuliza. Ila usisahau, nimefanya uashi miaka arobaini.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Mimi mzima kabisa. Bwawa nimeliona kwenye picha aliyotuma Mama, na nimewaonyesha wenzangu wote hapa kazini. Lakini changarawe usiweke. Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki hujificha katikati ya mawe, ufagio haufiki, vinaoza na maji yanaharibika. Mabwawa yetu yote hapa ni sakafu tupu.

Binti yako

2 Mei

Shikamoo Baba,

Goti linaendeleaje? Wiki saba hujanijibu. Mama nikimuuliza habari za bwawa anaanza kusimulia mvua, kwa hiyo nimeshajua changarawe zimeingia. Kilichoniuma si changarawe. Miaka sita nafanya kazi hii, na hujawahi kuniuliza ninafanya nini hasa. Ukiona samaki wanapanda juu kuhema, badilisha nusu ya maji, usibadilishe yote.

Binti yako

9 Mei

Fundi wangu,

Hujambo? Barua yako ilifika jana, samaki wakiwa juu wanahema. Nikabadilisha nusu ya maji. Wamekufa wanne, kumi na wanane wazima. Kisha nikazoa changarawe zote, ndoo kwa ndoo. Zilinuka mpaka mama yako akafunga madirisha.

Jirani yetu fundi bomba akachungulia ukutani. "Mwashi, leo unabomoa kazi yako mwenyewe?"

Sijawahi kubomoa kazi yangu mbele za watu. Nikamjibu kwa sauti, mtaa mzima usikie: "Nimekosea! Binti yangu alinikataza, nikajifanya najua. Fundi wa mabwawa ni yeye!" Nilidhani nitaona aibu. Badala yake, mwanangu, nilijivuna. Leo nimeshawasimulia watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Sasa niambie: huko kazini unafanya nini? Anzia asubuhi unapofika, usiruke kitu.

Baba yako