Nyumba Isiyo na Kofia

Jumamosi. Joto la Februari, angani hakuna hata wingu moja.

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, sebuleni kwangu hapa Engutoto, ghorofa ya tatu. Mdogo wangu Anaeli yuko karibu na dirisha, anafuma. Juzi tu sikutegemea kuandika sentensi hiyo.

Anaeli ana ualbino. Alihamia kwangu kutoka kijijini kwetu Kikwe baada ya Krismasi, na mashine yake ya kufuma masweta ya shule, maana wateja wake wengi wako mjini. Nilifurahi mno. Tangu niondoke nyumbani hatukuwahi kuishi pamoja tena.

Kumbe sebule yangu ilikuwa inamtesa. Dirisha ni kubwa, linatazama magharibi. Mimi nashinda dukani Kaloleni, narudi jua limeshazama, kwa hiyo alasiri ya nyumba yangu mwenyewe nilikuwa siijui. Yeye ndiye aliyekuwa akihamisha kiti kutoka kona hii hadi ile, macho yakimtoka machozi.

Nilipogundua, nilinunua mapazia mazito, meusi. Nikayatundika mwenyewe. Akashukuru.

Jumatano kichwa kiliniuma, nikarudi mapema. Nikamkuta Anaeli nje, amekaa kwenye ngazi, kivulini, sweta mapajani, analishonea mikono. Mama Neema, jirani wa juu, alikuwa anapita na ndoo. Akanitupia jicho. Nilijua anachowaza: kwamba nimemtoa mdogo wangu nje.

Niliumia, na nikawa mkali. Nikamuuliza Anaeli, "Unataka watu waseme nini?"

"Ingia ndani kwanza, dada," akasema. "Kaa kidogo."

Nikaingia. Giza, na joto kama la chungu kilichofunikwa. Nikashika pazia, la moto. Jua lilikuwa limeshapita kwenye kioo, limenaswa humo ndani. Sikukaa hata dakika tano.

"Mimi sigombani na mwanga," Anaeli akaniambia pale mlangoni. "Bila mwanga nitafumaje? Nagombana na jua. Na nyumba yako haina kofia."

Nikacheka. Halafu nikaona yeye hacheki. Alikuwa ameshampigia mama simu kumwambia kwamba mwisho wa mwezi anarudi Kikwe.

"Kule kuna upenu," alisema. "Jua linaishia nje."

Nilijifungia bafuni nikalia.

Alhamisi nikampigia mwenye nyumba kuomba ruhusa ya kuweka kivuli nje ya dirisha. Aliogopa tutamharibia ukuta; nikamwahidi hatutatoboa popote. Asubuhi ya leo tumefunga pazia la mianzi kwa nje, juu kwenye nondo za dirisha, tukalisukuma mbele kwa fimbo mbili likakaa kama upenu. Jua likiteremka, tunatoa fimbo, nalo linaning'inia hadi chini. Mama Neema alishika kamba ya pazia kutoka dirishani kwake, akitoa amri kama fundi mkuu. "Vuta! Siyo huko, mama, huku!" Mapazia meusi tumeyatoa.

Sasa ni alasiri. Dirisha liko wazi, upepo unaingia, na mwanga umetulia kama wa chini ya migomba. Joto halijaisha, ni Februari. Lakini linavumilika, na Anaeli hajahamisha kiti tangu tule chakula cha mchana. Mimi nusu ya mandhari yangu imekwenda, na nakiri inaniuma kidogo. Nyumba hii niliichagua kwa sababu ya dirisha lile.

Sijui kama atabaki. Sijathubutu kumuuliza.

Hivi punde ameinua kichwa.

"Dada, hili kabati ni lazima likae hapa? Nataka mahali pa kuweka nyuzi za muhula ujao."

Muhula ujao!

Naishia hapa. Nina kabati la kusogeza.