Kipande cha Sinema Kilichofika Oldonyiro

Oldonyiro, 6 Mei 2025

Kwa Akuam,

Habari ya Isiolo? Huku tuko salama. Mgongo wa mama yako umepoa, mbuzi wanapata majani kidogo. Anayeniandikia ni mdogo wako Emanikor, na nimemkataza kuongeza maneno yake.

Jana sokoni, Muthomi, yule Mmeru anayenunua mbuzi, alinionyesha simu. Nikakuona wewe unalia, unasema ulimtumia mwanamume wa mtandaoni picha zako ukiwa uchi. Soko zima lilikuwa limeshaona kabla yangu. Na unamwambia nani? Mwanamke Mmeru, unamwita mama! Mama yako alikufa lini? Hilo limeniuma kuliko hizo picha.

Simu yako imezimwa, kwa hivyo barua naipa dereva wa lori la mbuzi. Usikanyage kwangu mpaka nikuite.

Baba yako, Ekidor

Isiolo, 9 Mei 2025

Baba mpendwa,

Habari ya nyumbani? Mama apate salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, ila moyo ndio mgonjwa.

Baba, ile ni sinema! Kuna dada wa hapa mjini, Anisa, ana kamera, anatengeneza sinema ya kuonya vijana kuhusu hatari za mtandaoni. Mimi naigiza msichana anayeitwa Kiende. Yule mama ni Kathambi, muuza miraa, na tulirudia kile kilio mara sita kwa sababu yeye alikuwa anacheka. Mtu alikata kipande hicho akakisambaza, hakina kichwa wala miguu. Matusi yakanijia mpaka nikazima simu.

Mama yangu ni mmoja, mwambie. Na uniite nije.

Binti yako, Akuam

Oldonyiro, 15 Mei 2025

Kwa Akuam msanii,

Hujambo? Sisi hatujambo, mama yako anacheka mpaka sasa. Nilisimama katikati ya soko, Emanikor akasoma barua yako kwa sauti mara mbili. Muthomi aliomba msamaha akaninunulia chai. Nimewaambia wote, binti wa Ekidor hawezi kufanya upuzi kama ule hata kwa ndoto.

Hasira yangu ilikuwa ya bure. Njoo, na uje na huyo Kathambi, mama yako anataka kumwona mwizi wa watoto. Na washa simu!

Baba yako, Ekidor

Isiolo, 28 Mei 2025

Emanikor, hii usimsomee baba. Mpe aisome mwenyewe polepole, kama alivyofundishwa kwenye ngumbaru, lile darasa la watu wazima.

Baba, uko mzima? Mimi mwili ni mzima. Niliposoma ulivyosimama sokoni kwa ajili yangu, nililia, na hakukuwa na kamera.

Kuigiza ni kuigiza, lakini hadithi ni yangu. Miaka miwili iliyopita niliongea na mwanamume kwenye simu miezi mitano, sijawahi kumwona kwa macho, nikamtumia picha. Anisa alipotafuta hadithi nikampa hiyo, nikamdanganya ni ya rafiki yangu. Sasa mwanamume huyo ameona kile kipande, amejijua. Nilipowasha simu, ujumbe wake ulikuwa unaningoja. Anataka nizuie sinema isipelekwe kuonyeshwa vijana wa Kinna na Garbatulla, la sivyo atazitoa picha zenyewe.

Naogopa, baba. Nakuambia mapema usije ukaonyeshwa na Muthomi tena. Ukisema nisikanyage huko, nitaelewa.

Binti yako, kama bado, Akuam

Oldonyiro, 12 Juni 2025

Akuam mtoto wangu,

Wewe mzima? Mimi mzima. Hii naandika mwenyewe, ndiyo maana imekawia. Karatasi ya kwanza nilikutukana, nikaichoma. Ya pili nilimtukana huyo mwanamume, ikajaa, hapakubaki mahali pa kukusalimia.

Mama yako nimemwambia. Alilia, kisha akasema niache kuandika, niende.

Nilirudi sokoni. Siri yako sikutoa. Nilisema tu, hata kama ingekuwa kweli, bado ni binti yangu, na atakayenionyesha simu tena tutajuana. Muthomi alitazama chini. Wengine walicheka, wacha wacheke.

Kesho napanda lori la mbuzi. Barua hii nitakupa kwa mkono wangu, kwa sababu nikikuona najua mdomo utakataa. Isome mimi nikiwa nimesimama hapo mlangoni. Ukimaliza, beba simu yenye ujumbe wake, twende polisi.

Baba yako, Ekidor