Kilomita Kumi na Moja Bila Mota

Jumatatu, 3 Juni

Nimepangiwa mteja. Daktari wa meno! Bunduki mpya, kofia mpya, darubini mpya, na viatu ambavyo bado vinanuka duka. Kibali chake ni cha tandala dume mmoja, kinaisha Alhamisi saa sita mchana. Akaniuliza gari litatufuata kupitia wapi. Nikampeleka mbele ya bango pale getini: HAKUNA CHOMBO CHA MOTA KUPITA HAPA. Chini yake mnyororo mnene kama mkono wangu. Akasoma, akarudia kusoma, kana kwamba maneno yangebadilika kwa heshima yake.

"Sasa mnyama akishakufa anatokaje?"

Nikamwonyesha toroli langu la magurudumu mawili. Halafu nikajionyesha mimi. Hakuvutiwa na lolote kati ya hayo mawili.

Miaka ishirini na sita natoa mawindo ya watu mle hifadhini. Bango lile ndilo linalonilisha. Magari yakiruhusiwa leo, kesho mimi ni mzee wa kukaa kibarazani na kugombana na kuku. Ndiyo maana nalisalimia bango kila asubuhi, kwa adabu zote.

Goti la kulia limelia tena kwenye ngazi za ofisi. Sauti ya mlango uliokosa mafuta. Nikakohoa kulifunika. Mpagazi akionekana anachechemea, hupewa mkono wa kwaheri na cheti chenye fremu. Mke wangu anajua, ndiye anayelikanda. Binti yetu hajui wala hatajua, maana yeye ndiye askari wa geti. Mwezi wa nne aliniandikia onyo kwa sababu toroli langu halikuwa na namba. Mimi, baba yake mzazi! "Shikamoo baba, naomba kibali," vyote kwa pumzi moja. Onyo la pili, beji inakwenda. Nilimsomesha mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Jumanne, 4 Juni

Somo la kwanza kwa Daktari: ukimwona tandala juu ya njia, piga. Ukimwona bondeni, mwache aishi, azae, azeeke. Risasi inateremka bure. Nyama haipandi bure. Akasema ameelewa. Akaandika hata kwenye kidaftari.

Tumetembea mchana kutwa. Majike kumi na moja, dume hakuna. Njiani alinichungulia kinywani, akaniambia jino la nyuma linahitaji kung'olewa. Nikamwambia akaze macho kwenye vichaka, jino halina pembe.

Jambo moja jema. Mke wake amesema pembe zikiingia nyumbani kwake, yeye anatoka. Kwa hiyo kichwa hakitakiwi, ni nyama tu. Nilimwombea dua mama huyo nisiyemjua. Kichwa cha tandala ni kilo ishirini, na goti langu linajua kuhesabu.

Jumatano, 5 Juni

Amempiga. Bondeni!

Si bonde tu, bali korongo lenyewe la mwisho, kilomita kumi na moja kutoka getini, chini kabisa penye mawe. Dume alikuwa amesimama chini akinywa maji, mzuri, hana habari. Nikamwambia Daktari hapana. Akasema, "Lakini yuko wazi kabisa!" Paa! Kisha akanigeukia na tabasamu la meno yote, na anayo mengi. Kidaftari kipo mfukoni, kimetulia.

Kuchuna, kupasua, kugawanya. Daktari alishika mguu mmoja wa mnyama kwa vidole viwili, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: uzito. Nikatoa mifupa yote. Sijawahi kutoa mifupa kwa usafi ule, ungedhani nafungua bucha la kifahari. Minofu mitupu, safi, nikaipanga kwenye mifuko minne. Kila kisichoweza kupikwa nikakiacha. Kichwa nikakiegemeza kwenye jiwe. Nilijiona mjanja sana. Mjanja wa ukoo mzima.

Kupanda korongo mara nne, mfuko mmoja mmoja mgongoni. Mara ya tatu nikapanda kinyumenyume, nikamwambia Daktari hiyo ndiyo mbinu ya wapagazi wa zamani. Akaandika kwenye kidaftari.

Saa kumi na moja jioni tuko getini. Binti yangu katoka na sare yake imenyooka.

"Shikamoo baba. Pole na kazi. Naomba kibali."

Akafungua mfuko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Alipofika wa nne akasimama, akaangalia paa la kibanda.

"Baba... hapa kibali ni cha dume."

"Ni dume."

"Nitajuaje?"

Hapo ndipo damu iliponishuka hadi kwenye kucha. Kanuni ya kumi na moja! Kichwa kisipotoka, paja moja lazima litoke na kile kinachothibitisha kwamba mnyama ni dume, kikiwa kimeshikamana nalo. Kanuni hiyo nimewafundisha wapagazi wapya kwa mdomo wangu. Na leo nimekikata kwa mkono wangu, nikakitupa, ili kuokoa nusu kilo.

Sasa ona fedheha yenyewe. Binti hawezi kulitaja jina la kitu hicho mbele ya baba yake. Baba hawezi kulitaja mbele ya binti yake. Tukabaki pale, yeye akisema "ile alama ya kanuni ya kumi na moja, baba," mimi nikisema "ile alama, naam, ile," kama watu wawili wanaotafuta sindano iliyodondoka. Daktari akatusikiliza dakika nzima. Kisha akauliza kwa sauti ya kliniki, "Mnazungumzia korodani?"

Binti aliingia kibandani. Nilitamani korongo linifuate hadi pale linimeze.

Alipotoka alikuwa askari tena. Nyama inafungiwa kwenye chumba cha baridi, kwa lakiri. Kichwa kiletwe kabla ya kesho saa sita. Kisipoletwa, nyama inataifishwa, Daktari anashtakiwa kwa kuua jike, na mpagazi anaandikiwa onyo. La pili. Alisema "mpagazi", si "baba". Nikamwambia sawa, afande. Hakucheka. Nami sikutaka acheke.

Jumatano, jioni

Hesabu: kwa mguu mzima, kwenda na kurudi, pamoja na korongo, ni saa sita kamili. Kwa mguu wangu, nafika kesho saa kumi alasiri, nikiwa na bahati. Mke wangu kalikanda goti kwa maji ya moto. Mwishowe kasema nimwambie mtoto ukweli. Nikamwambia mtoto yuko kazini. Kasema, "Na wewe je, uko wapi?"

Kisha akabisha hodi shemeji, mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma anayejiita Injinia kwa sababu hakuna aliyemkataza. Kaja na gurudumu. Kwa macho ni gurudumu kama la toroli langu, ila ndani ya habu, pale kitovuni pa gurudumu, kaficha mota ndogo. Betri inakaa kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Haina sauti, haina moshi, haina hata haya.

"Shemeji, hii si chombo cha mota. Hii ni toroli yenye moyo."

Nikamwambia aondoe uhalifu wake nyumbani kwangu. Tulimaliza kulifunga saa mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi nilipita getini. Zamu ilikuwa ya yule askari mnene anayesinzia kwa kusimama, alinipungia mkono wa jumla. Daktari kabaki nyumba ya wageni, viatu vipya vimemla visigino.

Nikaona aibu mita mia mbili za kwanza. Baada ya hapo — jamani! Toroli lilinivuta mimi. Miaka ishirini na sita nasukuma, leo nimeshika mpini tu kama bwana anayetembeza mbwa. Vilima vyote ninavyovitukana kwa majina vilipita bila matusi. Nikapiga hata mluzi. Sheria niliyoishi kwayo nusu ya umri wangu naivunja, huku napiga mluzi!

Korongoni niliteremka kwa makalio, ndiyo njia pekee iliyokubaliwa na goti. Fisi walikuwa wameshafika. Kichwa kilikuwa kimeburutwa hatua thelathini, sikio moja halipo. Pembe zipo, mizunguko miwili na nusu, dume hata kipofu angemjua. Nikakifunga mgongoni, nikapanda kwa mikono na mguu mmoja. Hapo hapakuwa na mota. Hapo nililia kidogo, na kwa kuwa hakuna aliyeona, naandika tu basi.

Kurudi, wepesi uleule. Na hapo ndipo akili yangu ya ukoo mzima ilipofanya kazi tena. Ningekaa chini ya kichaka saa moja. Ningejimwagia maji ya chupa. Sikufanya. Saa nne na robo nikatokea getini, shati kavu, nikipumua kama mtu aliyetoka kusoma gazeti.

Zamu ilikuwa yake.

"Shikamoo baba."

Akatazama kichwa. Akatazama saa ya mkononi. Akatazama shati langu. Akalizunguka toroli taratibu, akainama, akaweka kiganja kwenye habu ya gurudumu la kushoto. Akakiondoa haraka. Inaunguza, nadhani. Mota ya shemeji ina moyo kweli.

Nikaanza kueleza. Breki, msuguano, jua. Saa nne asubuhi, jua la kuunguza chuma! Hata mimi nilijisikitikia. Aliniacha nimalize. Kisha akasema:

"Tembea mpaka kwenye benchi, baba."

"Nini?"

"Benchi lile. Tembea nikuone."

Hatua kumi na nne. Nilizitembea kama mtu anayepita juu ya mayai na anataka watu waamini ni lami. Nikafika, nikakaa. Nilipoinua macho alikuwa amegeukia upande wa mnyororo, mkono mdomoni.

Akaja akachutama mbele yangu. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu jana, niliteleza. Akauliza tena, kwa sauti ileile. Nikasema tangu mwaka juzi. Akauliza mama anajua? Nikaanza kufunga kamba za kiatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. "Kwa hiyo mimi tu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa wa kufichwa." Nikamwambia nilimficha askari, si yeye. Akasema askari anakaa wapi, baba, nani anamvua sare jioni?

Saa tano na robo, tungali palepale benchini, Daktari kafika na kandambili, kaona pembe, kafurahi, anataka nyama yake. Zimebaki dakika arobaini na tano kibali kiishe. Kichwa kimepita, kanuni ya kumi na moja imetimia, hana tatizo tena. Tatizo limebaki la mpagazi.

Binti aliingia kibandani. Nilijua anakwenda kuandika onyo, nikaanza kuifungua beji shatini ili nisinyang'anywe. Alirudi na fomu ya kutolea windo, imeshajazwa yote kwa mwandiko wake ule wa shule, namba ya kibali, jina la mnyama, kilo, saa. Isipokuwa mstari mmoja. *Windo limetolewa kwa chombo gani.*

"Huo ujaze mwenyewe," akasema, akanipa kalamu yake. "Utakachoandika, nitasaini."

Nikamwambia usinifanyie hivi. Akasema hanifanyii kitu, nisome chini. Nikasoma chini. *Mimi askari wa zamu nathibitisha kwamba maelezo yaliyo hapo juu ni ya kweli.* Halafu nafasi ya sahihi yake, namba yake ya kazi. Ana miezi minane kazini. Kumbe muda wote nilikuwa nahesabu beji moja.

Amesimama kwenye mnyororo, amenipa mgongo. Haangalii ninachoandika. Angeangalia ingekuwa nafuu. Kalamu hii ninayoandikia humu ni yake, fomu iko chini ya daftari hili, juu ya goti lenyewe. Daktari ananiuliza mbona mstari mmoja unachukua muda wote huu. Nimemwambia kwenye kung'oa jino anatumia ganzi, hapa hakuna.

Ameuliza tena. Dakika ishirini na tano.

Nimeshaandika neno la kwanza: *Toroli*. Mpaka hapo ni kweli tupu, hakuna mtu atakayenishtaki. Nafasi iliyobaki kwenye mstari inatosha maneno mawili: *la mkono*, au *la mota*.