Gauni la Awino juani

Tororo, Jumapili, Agosti 1965

Leo tena gauni lilikuwa kwenye kamba. Tangu tumzike binti yetu Awino kule Bulumbi, Mama Awino hulifua kila Jumapili, ingawa hakuna wa kulichafua. Lilikuwa la buluu. Sasa limepauka kama jivu.

Nilimwambia alianue, jua linalimaliza.

"Jua inamaliza nguo namna gani?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, maana ningenyamaza ningelia. Rangi ni molekuli, na miale ya jua huzikata. Nikamtajia hata Mirihi, sayari ambayo Wamarekani waliipiga picha mwezi uliopita. Hewa yake ni nyembamba mno kuzuia miale mikali, kwa hiyo molekuli za uhai, kama zipo, huvunjwavunjwa juu ya ardhi. Labda zilizofukiwa chini, kwenye ukavu na baridi, ndizo hudumu.

Aliligusa gauni pale kambani.

"Baba Awino, kwa hiyo ya chini ya udongo inakaa?"

Nilijua anauliza nini. Udongo wetu si wa Mirihi. Una maji, una joto, una mchwa. Mimi, mwalimu wa sayansi, sikuweza kumwambia hivyo.

"Inakaa," nikasema.

Akashusha pumzi, akalianua gauni, akalikunja vizuri kwenye kanga yake.

"Basi kesho nakwenda Bulumbi. Nataka kuifukia pale kwake, jua isiimalize."

Nimekubali kwenda naye. Jembe nitabeba mimi.