Msiba Niliouzua Siku ya Kliniki

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba! Umepata kazi Isaka! Huku Kishapu nimepiga vigelegele mpaka kuku wametawanyika, na babu yako anacheza peke yake uani.

Unauliza umwombeje bosi ruhusa ya kwenda kuchukua ARV zako. Usizue msiba kama mimi! Miaka ile, nikiwapikia wachimbaji Geita, siku ya kliniki niliwaaga kwamba nimefiwa na shangazi. Kurudi na dawa zangu, nawakuta wamejaa kwangu na kuni na unga, wamekuja kuhani!

Nikashindwa, nikasema ukweli. Halafu wakacheka, wakasonga ugali, tukala wote.

Mmoja alibaki, akaninong'oneza, "Mama, kliniki wanafungua saa ngapi?" Kesho yake nikampeleka.

Ndiye huyo anayecheza uani.

Bibi yako