Mlango Uliosubiri Giza

Sodankylä,
3 Julai 2019.

Mpendwa mjukuu wangu Taimi,

Wewe mtoto, umeolewa huko Denmark au umezikwa? Mto umeganda ukayeyuka, ukaganda tena ukayeyuka, pua yako sijaiona. Ungekuwa karibu ningekuchapa kwanza, halafu nikakupakulia chakula. Hujambo lakini? Kifua cha mtoto kimepona? Mimi goti linauma, mdomo mzima.

Jumapili uliponipigia uliniuliza, "Bibi, kuku wa mama hawajambo?" Nikakujibu, "Wananenepa tu." Nilikudanganya. Mbweha amewamaliza, na jogoo wao, na aliyemwachia mlango wazi ni mimi.

Ile kompyuta ndogo uliyonitumia niliipa kazi. Mimi niliyejua herufi za kitabu cha kanisa tu nilikwenda maktaba kila Jumanne, mwalimu Raija akanifundisha kuiamuru. Kumbe mashine ni mtumishi mtiifu asiyewaza: unaiambia, kukiwa hivi, fanya hivi; la sivyo, fanya vile. Tukaiunganisha na mota ya mlango na kijicho cha kuona mwanga, nikaandika: kukiwa na giza, funga mlango wa banda la kuku, la sivyo, fungua. Ilikuwa Februari. Mlango ukatii, nikatamba kijiji kizima.

Raija akaniuliza, "Na giza lisipoingia je, bibi?" Nikamcheka mbele za watu: "We mtu wa kusini! Huku kwetu giza haliombwi!" Nimezaliwa hapa hapa kaskazini, Taimi. Kila kiangazi natundika blanketi dirishani nipate usingizi, maana jua halitui. Na bado nikasahau.

Basi Juni ilipofika mlango ukakaa kusubiri giza. Kila asubuhi nikiukuta wazi nauambia, "Umeamka mapema, kijana wangu." Kumbe haukulala. Asubuhi ya Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, watu wakiwa kwenye sherehe, nikakuta manyoya matupu.

Simlaumu Raija wala mashine. Nimeiandikia upya: saa tatu usiku ikifika, funga, hata jua liwake vipi. Sasa inafunga vizuri sana. Inafunga banda tupu.

Amebaki kuku mmoja tu, Hilppa, kwa kuwa alikuwa amejificha kwenye zizi la zamani la ng'ombe, anaatamia. Mayai hayo ndiyo mbegu yote iliyobaki ya kuku wa marehemu mama yako. Aliwaacha mkononi mwangu, mwanangu yule, na mimi nikawakabidhi kwa mashine. Siku za kuangua zimewadia na sisikii hata mlio mmoja.

Mjomba wako Oiva anakusalimu, ingawa mimi hanisemeshi tangu kuku waliwe. Msalimie mumeo Søren, umbusu Aksel kila shavu. Mungu awalinde kuliko mimi nilivyolinda kuku.

Nikasirikie, lakini njoo upesi. Ukifika usipitie jikoni. Nenda moja kwa moja zizini, umwinue Hilppa taratibu, utazame chini yake, kisha uje uniambie. Mimi sithubutu.

Bibi yako akupendaye hata ukinuna,
Elma