Jina la Mama Kwenye Daftari la Awali

Jumatano, mwezi wa pili. Singida.

Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Mvua ilituonjesha wiki mbili halafu ikahama, na nasikia alizeti changa za watu huko Ilongero zimeanza kunyauka. Niliamka sina raha. Sasa ni jioni, na raha yenyewe bado haijafika.

Leo nimesaini kwenye daftari la shule kwamba mimi si mama wa mwanangu.

Ngoja nieleze, maana nisipoeleza hapa nitamweleza nani.

Nina mtoto mmoja, Latifa, ametimiza miaka mitano. Hapa mtaani hakuna anayenijua kwa jina langu la Zainabu. Tangu nijifungue mimi ni Mama Latifa: kwa muuza genge, kwa majirani, kwa wateja wanaoniletea vitambaa barazani nilikoweka cherehani. Hata mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na anaijua barabara kuliko nyumba yake, ananiita hivyo. Nadhani jina la Zainabu amelisahau.

Mwaka jana mwezi wa kumi ukatangazwa uandikishaji wa darasa la awali. Tangazo lilibandikwa kwenye geti la kila shule ya serikali hapa mjini: mtoto aje na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na barua ya mwenyekiti wa mtaa anakoishi. Chini, kwa herufi kubwa, wakaandika kwamba hakuna mtoto atakayekataliwa.

Ni kweli, hakuna aliyekataliwa. Ukifika kwenye shule nzuri mwalimu anaisoma barua yako, anaona mtaa si wake, anakwambia kwa upole kabisa, "Mama, njoo Jumatatu." Jumatatu unaambiwa mwalimu mkuu yuko semina. Jumatatu inayofuata fomu zimeisha. Jumatatu ya tatu unajiondoa mwenyewe, na kwenye ripoti yao waliokataliwa ni sifuri. Mimi nilifika hadi Jumatatu ya pili.

Shule ya mtaa wetu ingenipokea siku hiyo hiyo. Watoto wa awali pale wanakaa kwenye chumba kilichokuwa stoo, zaidi ya mia, chini sakafuni, na mwalimu wao ni mmoja ambaye pia anafundisha darasa la tatu. Nilikwenda kuchungulia dirishani. Watoto walikuwa wanaimba a, e, i, o, u bila mtu mzima mbele yao. Mmoja alikuwa amelala na mwenzake amemkalia mguu. Nikarudi nyumbani nimekasirika hata nikamshonea mteja mkono wa gauni upande usio wake.

Shule ya upande wa dada yangu, karibu na soko, ina mikeka na picha ukutani, mwalimu aliyesomea kufundisha watoto wadogo, vyoo vyenye milango, na uji saa nne. Kutoka kwangu ni nusu saa kwa miguu. Zote mbili ni za serikali na zote mbili zilibandika tangazo lile lile.

Dada yangu ni Mwajuma. Amenitangulia miaka tisa na alinibeba mgongoni. Anauza vitenge sokoni, kwenye kibanda alichotuachia marehemu baba. Ameolewa mara mbili, na Mungu hakumjalia mtoto. Wenye adabu wanamwita Bi Mwajuma, wenye midomo wanamwita wanavyojua wao. Latifa kwake ni "mwanangu" tangu siku ya kwanza, na Latifa anamwita mama mkubwa, kama ilivyo desturi.

Nikamwomba aende kwa mwenyekiti wa mtaa wake aseme Latifa anaishi kwake. Uongo mdogo, nusu ya mji inausema. Akaenda. Mwenyekiti akamuuliza, huyo mtoto ni wako? Akajibu, ni wangu. Sasa niambieni, ni mwanamke gani wa kwetu ataulizwa hivyo kuhusu mtoto wa mdogo wake ajibu si wangu? Angesema yeye ni mlezi ingetosha kabisa. Lakini mlezi ni neno la ofisini, halikumjia. Mwenyekiti akaandika "mtoto wa mkazi wangu Mwajuma," akagonga muhuri.

Nilipoisoma barua nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba uandikishaji unafungwa Ijumaa, na mwenyekiti alikuwa keshasafiri. Dada akasema tutarekebisha baadaye. Na mimi nikasema tutarekebisha baadaye. Nchi hii ina mambo mengi yanayoisubiri hiyo baadaye, na letu likaingia kwenye foleni.

Cheti cha Latifa kina jina langu, kwa hiyo tukakificha na kusema kimepotea. Kwa kuwa mwalimu humuuliza mtoto maswali mawili matatu, ilibidi mtoto afundishwe. Kazi hiyo sikumpa mtu. Niliifanya mwenyewe, jikoni, na andazi mkononi. Tulihamisha maneno mawili tu: mama mkubwa tukamwondolea "mkubwa", mimi nikaongezewa "mdogo". Mama yako nani? Mama Mwajuma. Na mimi? Mama mdogo. Nampa kipande cha andazi. Siku mbili akawa amejua. Nikamsifia kwa majirani kwamba ana akili.

Akapokelewa. Nikachinja kuku.

Siku ya kwanza ya shule, Januari, dada alitangulia na mimi nikawa nyuma nimebeba chupa ya maji. Mwalimu wa awali, binti mdogo mwenye adabu, akasema, "Karibu, Mama Latifa," nami nikafungua mdomo kuitikia. Hakuwa ananitazama mimi.

Nilijiambia ni jina tu. Nilipomsimulia mume wangu kwenye simu, alikuwa Kahama na lori, akacheka mpaka akakohoa. Maana jina la baba hakuna aliyeligusa, mtoto ameandikwa Latifa Hamisi kama kawaida. Kwa hiyo kwenye daftari la serikali mume wangu amezaa na dada yangu. "Si dada yako huyo? Tatizo liko wapi?" akaniuliza. Yeye hajapoteza kitu, acha acheke.

Kikao cha wazazi, anaitwa dada. Simu ya mwalimu kuhusu kikohozi, anapigiwa dada. Sare nimeshona mimi, na kola nimeirudia mara mbili ikae vizuri, lakini anayesifiwa getini kwa binti nadhifu ni dada. Siku za shule Latifa analala kwake kwa sababu ni karibu. Na wiki iliyopita nikiwa sokoni nilimsikia muuza dagaa akiita, "Mama Latifa, leo unapita tu?" Dada akageuka. Aligeuka upesi, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo mimi sijawahi kuwa nayo kwa kuitwa jina hilo. Aliponiona nyuma yake akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nilimchukia siku tatu. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema kwa mdomo. Halafu nikaona haya, maana mimi ndiye niliyemtuma.

Sasa leo. Dada alikwenda Iguguno msibani tangu jana, kwa hiyo Latifa alilala kwangu na asubuhi nikamwacha getini. Saa nne na nusu nilikuwa napeleka gauni la mteja sokoni, nikaona nichungulie. Nikamkuta amelazwa kwenye mkeka nyuma ya darasa, macho mekundu, ametapika uji wote. Mwalimu alikuwa na simu mkononi. Akaniambia anampigia mama yake tangu homa ilipoanza saa tatu na hapatikani.

Nikasema nimchukue nimpeleke zahanati.

"Samahani, mama," akasema. "Mtoto tunamkabidhi mzazi au ndugu wa karibu tu. Wewe ni nani wake?"

Huyu binti sina kinyongo naye. Alifanya kazi yake, na ni kwa ajili ya walimu kama yeye nilitaka mwanangu asome pale. Kule stooni ningembeba mtoto yeyote nikaondoka naye na hakuna ambaye angeniuliza.

Lakini nilipiga hesabu kwanza. Nikisema mimi ndiye mama, barua inakuwa ya uongo, na mtoto aliyeandikishwa kwa uongo anarudishwa shule ya mtaa wake. Nilisimama pale nimeshika gauni la watu, naitafuta sentensi ambayo ingekuwa kweli bila kumfukuzisha shule. Mwalimu akamgeukia mtoto.

"Latifa, huyu ni nani?"

Mwanangu alikuwa anachemka kwa homa. Alikuwa ameshaninyooshea mikono. Akaishusha. Akanitazama usoni kwanza, kama anavyonitazama tukianza mchezo wetu wa jikoni, kisha akasema polepole, "Mama mdogo."

Hakukosea.

Mwalimu akaridhika, akatoa daftari la kukabidhi watoto. Jina la mtoto, saa, jina la anayemchukua, uhusiano. Kwenye jina nikaandika Zainabu. Kwenye uhusiano nikaandika mama mdogo. Mwandiko wangu ni mzuri, walimu wangu walikuwa wakinisifia. Yale maneno mawili yamekaa pale yamenyooka.

Nilimfunga mgongoni kwa khanga. Tulipokata kona ya msikiti, akanisogezea mdomo sikioni.

"Hapa mwalimu hatusikii?"

Nikamwambia hapa hatusikii.

"Mama," akasema, "kichwa kinaniuma."

Alikuwa nalo neno hilo tangu kwenye mkeka, analisubirisha mpaka tufike mbali. Miaka mitano. Nimemfundisha mtoto wa miaka mitano kuumwa bila kumwita mama yake. Nililia njia nzima, na upepo huu ulinisaidia, maana hapa Singida mtu akifuta macho barabarani watu wanajua ni vumbi.

Zahanati nesi akauliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikajibu mimi hapa, kwa sauti ambayo ilifanya benchi zima ligeuke. Kipimo kimeonyesha malaria. Amepewa dawa, na mchana alikunywa uji kidogo ukakaa tumboni.

Alipolala nilifungua sanduku nikatoa cheti chake nikakiweka mezani. Nikakisoma kama barua iliyotoka mbali. Jina la mama: Zainabu. Muhuri wake hauna tofauti na muhuri wa mwenyekiti. Ila huu unasema kweli.

Dada alifika saa kumi na moja, moja kwa moja kutoka kituoni, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameona simu za mwalimu baada ya kupata mtandao njiani. Hakukaa. Alikwenda kitandani akamwekea Latifa mkono kwenye paji la uso, akawa anasema, "Pole mwanangu, pole mwanangu." Amemwita hivyo maisha yake yote. Leo ndiyo mara ya kwanza nimetaka kumwambia aache.

Nilimsubiri akae, nikamwambia, "Dada, kesho naenda kwa mwalimu mkuu na cheti."

Alikuwa ameshakiona mezani. "Watamtoa," akasema.

"Najua."

"Atakwenda kukaa sakafuni kule."

"Najua, dada."

Akaikunja shuka ya mtoto ambayo haikuhitaji kukunjwa. Akasema nisubiri basi amalize mwaka. Nikamwambia mwaka ukiisha majina ya awali yanahamishiwa darasa la kwanza kama yalivyo, ya la kwanza yanahamishiwa la pili, hivyo hivyo hadi la saba, na siku atakayoitwa jina lake kwenye mahafali nitakuwa nimekaa nyuma na akina mama wadogo. Nilisema kwa ukali. Nilikuwa nimejiandaa mchana kutwa kwa ajili ya maneno yale, na kwa ajili ya kila jibu ambalo angeweza kunirudishia: kwamba mimi ndiye niliyemtuma, kwamba sina shukrani, kwamba yeye ndiye anayemwamsha na kumwogesha siku za shule. Yote hayo nilikuwa na majibu yake.

Hakusema hata moja. Aliutazama mkono wa Latifa uliotoka nje ya shuka. Huyu ndiye aliyenifundisha kutembea, na sijawahi kumsikia akiniomba kitu. Akasema bila kuinua macho, "Na mimi nitaitwaje?"

Ameshaondoka. Chai aliiacha kwenye kikombe. Latifa amelala, homa imeshuka, na mimi naandika kwa sababu kushona siwezi.

Cheti nimekiacha pale pale mezani. Ofisi ya mwalimu mkuu inafunguliwa kesho saa moja na nusu, nami bado sijui miguu yangu itanipeleka huko au barazani.